Modeli ya Jengo Ikifungwa, Nani Ana Ufunguo?
Wenzetu wa ujenzi hubishana programu ipi ya kuchora ni kali zaidi. Mimi huwauliza swali la mkataba: modeli ya kidijitali ikiwa tayari, nani ana haki ya kuifungua?

Tuangalie kesi ya Uingereza ya 2017. Kampuni ya Trant ilipewa kazi ya kujenga kituo cha umeme visiwa vya Falkland, na Mott MacDonald wakawa washauri wa usanifu. Wakagombana kuhusu malipo. Mott MacDonald wakafuta nywila, Trant wakashindwa kuzifikia data za usanifu. Mahakama ya London iliamuru wafunguliwe, kwa sharti kwamba Trant waweke mahakamani pauni 475,000.

Somo ndiyo hilo. Mchoro wa karatasi ukishakabidhiwa, unao mkononi. Modeli inaweza kukaa kwenye seva ya mwenzako, na akinuna anakufungia. Basi mkataba useme wazi: faili la aina gani, lenye undani kiasi gani, likabidhiwe lini, na nani aendelee kuifikia seva hata mkigombana. Ukiandika tu "modeli itatolewa", bado hujaandika kitu.