Hesabu ya Maziwa ya Mtoto

Ndugu wafanyakazi, mtoto akitarajiwa wengi wetu hukimbilia kununua viatu na kofia. Viatu vya nini kwa asiyetembea? Nepi zikatwe kwenye shuka kuukuu. Gharama kubwa ni maziwa ya kopo.

Tupige hesabu. Mtoto anayelishwa maziwa ya unga peke yake humaliza kilo 20 hivi katika miezi 6 ya kwanza, yaani makopo 50 ya gramu 400. Ulizeni bei ya kopo moja dukani, mzidishe kwa 50, mlinganishe na mshahara. Ndiyo maana wengine huyazimua kwa maji mengi ili kopo lifike mwisho wa mwezi, na mtoto hudhoofika. Maziwa ya mama hayanunuliwi, na kwa miezi 6 hiyo yanatosha, hata maji hayahitajiki.

Lakini mama atanyonyeshaje naye yuko shambani akichuma chai? Hapa Uganda, Sheria ya Kazi ya mwaka 2006 inampa siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na baba siku 4. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa juma, hizo ni wiki 10. Afya ikiruhusu, nyingi zitunzwe kwa baada ya kujifungua. Mwajiri apewe taarifa mapema, na kwa maandishi.

Likizo ikiisha, mama akamue maziwa asubuhi katika kikombe safi chenye kifuniko. Mahali pasipo joto hukaa muda wa saa 4. Mlezi amnyweshe mtoto kwa kikombe hicho. Chupa ni ngumu kusafisha.

Fedha iliyookolewa iwekwe kwa nauli ya usiku ule wa uchungu.