SOMO: MAKHAN SINGH, MFANYAKAZI ALIYETUPWA JANGWANI



Katika somo la leo tutazungumza juu ya adhabu moja ambayo watawala wa zamani waliipenda sana: kumtoa mtu kwao na kumtupa mbali. Makusudi yake yalikuwa mawili. La kwanza, mtu akose watu wake. La pili, na hili ndilo kubwa, watu wakose mtu wao.

Waingereza waliitumia adhabu hiyo kwa miaka 80. Kuanzia 1788 hadi 1868 walipeleka Australia, kwa meli, wafungwa wapatao 162,000, wanaume kwa wanawake. Wengi walikuwa maskini wa Uingereza na Ireland, waliohukumiwa kwa wizi mdogo wa chakula au nguo. Meli ya mwisho, Hougoumont, ilifika huko Januari 1868. Ndani yake walikuwamo Waireland 62 waliohukumiwa kwa kupigania uhuru wa nchi yao.

Na sisi wa Gisenyi tusidhani kwamba mambo hayo ni ya ng'ambo tu. Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa Mwami Musinga katika ufalme wake, wakampeleka Kamembe, kule kusini mwa ziwa letu hili la Kivu. Mwaka 1940 wakaona hapo bado ni karibu mno, wakampeleka Moba, Kongo, kando ya ziwa Tanganyika. Alifia huko mwaka 1944. Naye mhubiri Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921 katika Kongo ya Chini, akapelekwa kufungwa Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Alikaa kifungoni miaka 30, mpaka alipokufa mwaka 1951.

Huyo alikuwa mfalme, na huyo mhubiri. Sasa tumsome mfanyakazi mwenzetu.

Alikuwa nani?

Makhan Singh alizaliwa India, katika jimbo la Punjab, mwaka 1913. Mwaka 1927 aliletwa Nairobi kwa baba yake, Sudh Singh, fundi seremala ambaye baadaye alikuwa na mtambo wa kupiga chapa. Kijana alifanya kazi katika mtambo huo. Alijifunza kupanga herufi, na karatasi za matangazo ya wafanyakazi zikapita mikononi mwake.

Mwaka 1935 alichaguliwa kuwa katibu wa sendika. Wakati ule, Kenya ililipa watu kwa rangi ya ngozi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Kumtenga Mhindi na Mwafrika ilikuwa faida ya mwajiri, kwa sababu mmoja akigoma mwingine huitwa kushika nafasi yake. Sendika ya Makhan Singh ikatangaza kwamba mlango uko wazi kwa kila mfanyakazi, bila kujali rangi wala dini. Mwaka 1937 wafanyakazi wa Nairobi walifanya mgomo wa siku 62. Mwishowe waajiri walikubali kuongeza mishahara na kuwarudisha kazini waliogoma.

Baadaye alisafiri kwenda India. Mwaka 1940 Waingereza walimkamata huko, akawekwa kizuizini mpaka 1945. Alirudi Kenya mwaka 1947. Serikali ilijaribu kumfukuza nchini, ikashindwa.

Tarehe 1 Mei 1949 sendika kadhaa ziliungana kuwa shirikisho moja la Afrika Mashariki. Rais wake alikuwa Fred Kubai, katibu mkuu Makhan Singh. Serikali ilikataa kuliandikisha. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano mkubwa ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, Makhan Singh alisimama akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Wakoloni hawakuweza kulivumilia neno hilo, zaidi likitoka kwa mtu mwenye wafanyakazi nyuma yake.

Kukamatwa na kutupwa mbali

Tarehe 15 Mei 1950 Makhan Singh na Kubai walikamatwa. Kesho yake Nairobi ilisimama. Mgomo ulidumu siku 9, ukaenea mpaka miji mingine. Wafanyakazi walidai mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Walidai pia viongozi wao waachiwe, pamoja na Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi wa Mombasa aliyekamatwa mwaka 1947 na kuhamishiwa Kabarnet. Serikali ilijibu kwa polisi na mabomu ya kutoa machozi.

Mwezi wa Juni Makhan Singh alipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Kenya, katika nchi kavu ya Waturkana karibu na mpaka wa Ethiopia. Hapakuwa na kiwanda wala mtambo wa kupiga chapa, na wanachama wake walikuwa mbali sana. Mwaka 1953 Jomo Kenyatta na wenzake walipohukumiwa na kuletwa Lokitaung, serikali haikutaka wakae na mtu huyu. Ikamhamishia Maralal, kisha Dol Dol. Aliachiwa Oktoba 1961. Tangu siku ya kukamatwa ilikuwa imepita miaka 11 na miezi 5. Mtoto aliyeachwa mgongoni mwa mama yake alikuwa sasa anasoma shule.

Alipotoka alikuta nini?

Alikuta sendika nyingine. Lile shirikisho la 1949 lilikuwa limekwisha. Mahali pake palikuwa na shirikisho jipya lililoandikishwa na serikali, na tangu 1953 katibu wake mkuu alikuwa Tom Mboya, kijana hodari ambaye baadaye alikuwa waziri. Hatusemi kwamba wapya hawakufanya kazi. Walifanya, tena katika miaka ya hatari. Lakini mstari ulikuwa umekatika. Uhuru alioudai Kaloleni ulipatikana mwaka 1963, naye hakupewa cheo chochote kikubwa. Alikaa akaandika kwa mkono wake historia ya sendika za Kenya mpaka mwaka 1952, kitabu kikatoka mwaka 1969. Alikufa mwezi wa Mei 1973. Bila kitabu hicho, mengi ya hayo tusingeyajua leo.

Tulinganishe na wengine

Mwaka 1834, katika kijiji cha Tolpuddle, Uingereza, vibarua 6 wa mashambani walikuwa wamepunguziwa mshahara mara kwa mara. Waliunda chama na kula kiapo cha siri. Kwa kiapo hicho walihukumiwa miaka 7 na kupelekwa Australia. Lakini wafanyakazi wa Uingereza hawakugoma siku chache kisha wakanyamaza. Waliandamana London kwa maelfu, wakapeleka maombi yenye sahihi nyingi sana, na wakachanga fedha za kulisha wake na watoto wa wale 6. Mwaka 1836 serikali iliwasamehe, nao wakarudishwa.

Kwa nini hao walirudi baada ya miaka michache, na Makhan Singh akakaa zaidi ya 11? Tuwe wakweli. Wafanyakazi wa Nairobi hawakuwa waoga. Waliishi chini ya ukoloni, bila kura, na tangu Oktoba 1952 chini ya sheria za hali ya hatari. Hata hivyo iko sababu nyingine ya kutufundisha: kazi kubwa ilikuwa mikononi mwa watu wachache. Walipokamatwa hao, shirikisho likabaki bila mikono.

Sisi tunajifunza nini?

Leo hakuna meli ya Australia wala lori la Lokitaung. Lakini sisi tunaozunguka kati ya wachumaji wa majani ya chai na wafanyakazi wa viwanda tunaijua njia ndogo ya adhabu ileile. Mjumbe anasema mno juu ya mizani ya majani au saa za ziada, na wiki ijayo anapewa barua ya uhamisho: kituo cha mbali, mbali na mke wake na shamba lake. Mahali pamoja tuliona barua hiyo ikija siku 3 kabla ya mkutano. Mkutano haukufanyika, maana daftari la wanachama alikuwa nalo yeye, na hakuna mwingine aliyejua michango ilifika wapi.

Kwa hiyo tufanye mambo manne:

1. Daftari la wanachama na la fedha lijulikane na watu 3 angalau, na nakala yake iwekwe mahali pengine.

2. Kila mjumbe awe na msaidizi anayeingia naye katika mazungumzo na mwajiri, asikie na ajifunze.

3. Mjumbe akihamishwa au kufukuzwa, habari iandikwe siku ileile na ipelekwe kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya. Tusingoje mwezi uishe.

4. Pawe na mfuko wa kusaidia nyumba yake. Hata mchango mdogo wa kila mwezi, ukikusanywa kabla ya shida, ni chakula cha watoto siku ya shida.

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Basi tusikiweke kidole kimoja peke yake mbele ya mwajiri, kisha tukashangaa kinapokatwa.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

a) Mjumbe wenu akiondoka kesho asubuhi, nani ataitisha mkutano? Mtajeni kwa jina.

b) Kwa nini Makhan Singh alitaka sendika ya rangi zote? Katika kazi yenu, ni watu gani wanaotengwa ili wasiungane: vibarua wa siku na wa kudumu, wanawake na wanaume, wa shambani na wa kiwandani?

c) Yuko mwenzenu aliyehamishwa mwaka huu? Nani amekwenda kumwona, au kuijulia hali nyumba yake?

Majibu ya swali la (c) tuleteeni kwa maandishi.