Mafuta ya Kunukia na Kinga ya Mwili



Miezi ya baridi huku mlimani tunaijua. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hushuka Kibosho, Machame na Marangu, watoto hukohoa darasani, na hata mjini Moshi watu hutafuta masweta. Ni miezi hiyo ambayo vichupa vya mafuta ya mkaratusi, mchaichai na karafuu hupata wateja wengi. Muuzaji naye ana neno moja: "Haya, mama, yanaongeza kinga ya mwili." Mama ananusa, anasikia pua imefunguka, anaamini, ananunua.

Somo letu la mwezi huu linauliza: je, mafuta haya yanaongeza kinga kweli? Tuanze kwa kuyafahamu yenyewe.

MAFUTA HAYA NI NINI?

Ukifikicha jani la mchaichai mkononi, harufu inayokujia ni mafuta mepesi yanayoruka hewani upesi. Hayafanani na mafuta ya alizeti au ya nazi tunayopikia.

Mengi ya mafuta haya hupatikana kwa kukeneka. Mvuke wa maji yanayochemka hupitishwa katikati ya majani, nao hubeba harufu. Kisha mvuke hupozwa ndani ya bomba na kurudi kuwa maji, na mafuta hujitenga. Waliowahi kuona gongo ikipikwa (hatuulizi waliiona wapi) wataelewa mara moja. Mafuta ya mkaratusi huelea juu ya maji. Ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hiyo huzama. Kule Pemba, kiwanda cha makonyo cha Wawi karibu na Chake Chake hukeneka mafuta kutoka makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa.

Mlima wetu nao una sehemu katika habari hii. Upo mrehani wa porini wenye harufu kali ya kafuri ambao wataalamu wa mimea waliupa jina la Kilatini la Ocimum kilimandscharicum, yaani mrehani wa Kilimanjaro. Huko Kakamega, Kenya, wakulima wanaoishi kando ya msitu huupanda na kukeneka mafuta yake ili kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub.

Jambo la kukumbuka ni kwamba chupa moja ndogo ni rundo kubwa la majani lililokusanywa mahali pamoja. Kikombe cha chai ya mchaichai ni kinywaji cha kawaida. Kijiko cha mafuta yake ni kitu kingine kabisa. Mtu asiseme, "Mbona majani yake tunakunywa kila siku?"

KINGA NI NINI?

Neno hili tulilizoea kwa uchungu tangu wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi walipotambuliwa nchini, mkoani Kagera, mwaka 1983. Ukimwi ni Upungufu wa Kinga Mwilini. Kinga ni jeshi la mwili: chembe nyeupe za damu, tezi, na viungo vingine vinavyolinda. Askari hawa hujifunza. Wakishapambana na adui wa surua na kushinda, wanamkumbuka maisha yote. Wasiyemjua huwachukua siku kadhaa kumtambua, na katika siku hizo mtu anaumwa.

Kwa hiyo kinga haijazwi kama pipa la maji, kwamba ukiongeza matone inapanda. Jeshi huhitaji chakula, mapumziko na mafunzo. Harufu haimfundishi askari kumtambua adui.

MBONA WENGINE HUPATA NAFUU?

Nafuu ipo, na hatuikatai. Mvuke wa moto hulainisha makamasi. Mafuta ya mkaratusi na minti hugusa neva za pua, nazo huupelekea ubongo habari ya ubaridi, hivyo mtu anajisikia kama hewa inapita vizuri zaidi. Watafiti waliopima pua za watu waliovuta harufu ya minti waligundua kwamba njia ya hewa ilikuwa imeziba vilevile; kilichobadilika ni hisia. Hata hivyo, hisia hiyo humsaidia mgonjwa wa mafua kulala, na usingizi ni jambo jema.

Wauzaji wengine husema, "Maabara imethibitisha mafuta haya yanaua vijidudu." Ni kweli kwamba mafuta ya karafuu au ya mchaichai yakimwagwa juu ya bakteria katika kisahani cha maabara, wengi hufa. Lakini jiki nayo huwaua, wala hakuna anayeinywa ili kuongeza kinga. Kisahani na mwili wa binadamu ni vitu viwili.

Tulijifunza hayo pia wakati wa Korona. Machi 2020 mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini, msafiri aliyetua katika uwanja wetu wa KIA. Muda si mrefu sufuria za nyungu zikachemka katika nyumba nyingi, zenye mkaratusi, mchaichai, malimao na tangawizi. Wengi walipata nafuu ya pua na kifua. Lakini kirusi huingia ndani ya chembe za mwili, ambako mvuke haufiki. Askari wetu walipata mafunzo ilipokuja chanjo, iliyozinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021.

HATARI YA KUCHELEWA

Tuchukue mfano. Baba mmoja anakohoa. Anajifukiza kila jioni, kifua kinalegea, analala. Kesho yake anakohoa tena. Wiki ya tatu, ya nne, ya sita, chupa ya pili ya mafuta imekwisha, naye anasema, "Ningekuwa na ugonjwa mkubwa nisingepata nafuu." Suruali inamlegea kiunoni, usiku analowa jasho. Kumbe ana kifua kikuu, na watoto wanaolala chumba kimoja naye wanavuta hewa anayoikohoa. Mafuta hayakumletea ugonjwa huo. Yalimpa nafuu kidogo tu, ya kutosha kumzuia asiende kupimwa.

Hapa mkoani kwetu tuna kumbukumbu ya kutufundisha. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Wakati huo hakuna mahali popote duniani palipokuwa na dawa ya kuua vijidudu vya ugonjwa huo. Mgonjwa alipewa mapumziko, chakula na hewa safi. Hewa ya milimani ni nzuri, wala hakuna chupa inayoishinda, lakini peke yake haikuponya kifua kikuu. Dawa ya kwanza ya kukiua, streptomaisini, iligunduliwa mwaka 1943. Leo matibabu ya kifua kikuu hutolewa bure, na wagonjwa wengi hupona kwa kumeza dawa kwa takriban miezi 6 bila kukatisha.

Ndugu yetu anayeishi na VVU naye asidanganywe. Tangu mwaka 2016 kila anayekutwa na virusi huanzishiwa ARV bila kusubiri kinga ishuke. Dawa hizo huzuia virusi visizaane, na jeshi la mwili hujijenga upya. Mafuta ya kunukia hayafanyi kazi hiyo. Anayeacha vidonge kwa sababu ya chupa anavifungulia virusi mlango.

YANAYOJENGA KINGA KWELI

1. Ziwa la mama. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo. Ndani yake mna kinga iliyotengenezwa na mwili wa mama.

2. Chanjo. Fungueni kadi ya kliniki leo. Mtoto huanza kuchanjwa anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na miezi 18. Ya miezi 18 wazazi wengi huisahau kwa kuwa mtoto tayari anakimbia. Tangu mwaka 2018 wasichana nao huchanjwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi.

3. Matone ya vitamini A, kila miezi 6, tangu mtoto afikishe miezi 6 hadi miaka 5.

4. Chakula cha kihamba. Mnafu na mboga nyingine za majani, maharage, mapapai, maparachichi, maziwa, mayai, na dagaa kutoka sokoni. Mtori ni mzuri, ila mtoto asishibishwe ndizi tupu.

5. Maji safi, sabuni, usingizi, na madirisha yanayofunguliwa. Moshi wa kuni na sigara hudhoofisha mapafu ya mtoto.

UKITUMIA MAFUTA HAYA, FANYA HIVI

Mtu mzima mwenye mafua ya kawaida anaweza kuyanusa au kuyachua. Lakini azingatie haya:

- Yasinywewe kamwe. Kijiko kimoja tu cha chai cha mafuta ya mkaratusi kinaweza kumfanya mtoto mdogo apate degedege na kuzimia. Mafuta ya karafuu yakimezwa yanaweza kuharibu ini la mtoto.

- Yasipakwe puani wala usoni kwa mtoto mchanga. Watoto walio chini ya miaka 2 wasipakwe kabisa mafuta yenye mkaratusi, minti au kafuri, kwa sababu yanaweza kubana pumzi zao.

- Yasipakwe ngozini yakiwa makali. Changanya matone 2 katika kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi au alizeti, na ujaribu kwanza mahali padogo mkononi.

- Mtoto asifunikwe blanketi juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Sufuria ikipinduka anaungua vibaya. Mtu mzima aweke bakuli mezani, mahali imara, mbali na moto. Jiko la mkaa lisiingizwe chini ya blanketi wala katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

- Mwenye pumu na mama mjamzito waulize kwanza kituo cha afya. Kwa wenye pumu, harufu kali inaweza kuamsha ugonjwa.

- Yasihifadhiwe katika chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma, anajua chupa ya soda.

- Akiyameza, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja na uichukue chupa yenyewe, ili mganga ajue alichomeza.

Unaponunua dawa yoyote ya asili, uliza kama imesajiliwa. Sheria ya mwaka 2002 iliweka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa ajili ya kazi hiyo. Muuzaji anayedai chupa moja inatibu kisukari, presha, Ukimwi na nguvu za kiume, mwache aende zake.

DALILI ZISIZOSUBIRI

Mtoto anayekohoa, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake kwa dakika 1 kamili ukitazama saa. Anapumua haraka mno ikiwa zinafika:

- 60 au zaidi, akiwa chini ya miezi 2;
- 50 au zaidi, akiwa na miezi 2 hadi 11;
- 40 au zaidi, akiwa na mwaka 1 hadi 5.

Hiyo inaweza kuwa nimonia. Mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Ikiwa kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya au kunywa, ana degedege, au amelegea, usisubiri mapambazuko. Nenda hospitali iliyo karibu nawe, iwe Kilema, Kibosho, Huruma, Mawenzi au KCMC.

Mtu mzima aliyekohoa kwa wiki 2 au zaidi, mwenye homa za jioni, jasho la usiku au anayekonda, akapimwe makohozi.

Ndugu msomaji, hatujasema chupa itupwe. Bibi aliyetuchua kifua kwa majani ya mkaratusi alitupenda, na mkono wake ulitutuliza. Tunachoomba ni kila kitu kikae mahali pake: mafuta kwa nafuu ya pua, kadi ya kliniki kwa kinga, na zahanati kwa ugonjwa.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA NDOGONDOGO

1. Je, katika nyumba zetu mafuta na dawa huwekwa wapi? Mtoto wa miaka 2 anaweza kuyafikia?

2. Yupo mtu katika jumuiya yetu anayekohoa kwa zaidi ya wiki 2? Nani atamsindikiza kupimwa wiki hii?

3. Tazameni kadi za kliniki za watoto wenu. Nani bado hajapata chanjo ya miezi 18?

4. Mmoja aliye na saa awaonyeshe wengine namna ya kuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika 1.