Kwa Nini Muamala Wako Wakati Mwingine Huambiwa "Subiri Kidogo"

Umetuma nauli, halafu unaona ujumbe kwamba muamala unakaguliwa. Kondakta anakuangalia. Sekunde mbili tatu, pesa zinaenda. Hapo katikati tulikuwa tunafanya nini?

Swali moja tunalojiuliza ni hili: nambari unayoitumia iko hatua ngapi kutoka kwa nambari iliyoripotiwa kwa utapeli? Mtu akimtumia mwenzake pesa, hiyo ni hatua moja. Huyo akimtumia mwingine, mbili. Wakora hupenda kupitisha pesa kwenye laini kadhaa kabla ya kuzitoa kwa wakala, ndiyo maana hatua ni muhimu. Lakini ukianza kupekua watu wa mtu, kisha watu wa watu wake, ukifika hatua ya nne unaweza kuwa umegusa maelfu ya akaunti. Na kondakta bado anangoja!

Dawa ni kuifanya kazi mapema. Mtu wa kijijini hahitaji kujua njia ya kila kijiji Kenya. Anajua tu stendi kubwa ziko mbali kiasi gani. Vivyo hivyo, kila akaunti huwekewa orodha fupi ya "stendi" zake na hatua za kuzifikia. Tuseme yako inasema: stendi A hatua 2, stendi B hatua 1. Ya mwenzako: A hatua 1, B hatua 4. Kupitia A ni 3, kupitia B ni 5. Jibu ni 3, bila kuzunguka mtandao mzima.

Sharti ni moja: kwa kila akaunti mbili zinazofikiana, lazima stendi mojawapo iliyo kwenye njia yao fupi zaidi iwe katika orodha zote mbili. La sivyo, jibu litazidi ukweli. Mwaka 2013, Takuya Akiba, Yoichi Iwata na Yuichi Yoshida walionyesha namna ya kuzitengeneza orodha hizi haraka: anza na akaunti yenye miunganisho mingi, sambaa kutoka hapo, na ukifika mahali ambapo orodha zilizopo tayari zinatoa jibu lile lile au fupi zaidi, katiza.

Hapa kuna mtego. Stendi kubwa kuliko zote ni kama paybill ya stima au ya karo. Kila mtu hulipa huko, tapeli pia. Hiyo inakuweka hatua mbili kutoka kwake, na haimaanishi chochote. Kwa hivyo katika kupima hatari tunaziondoa nambari hizo kabla ya kutengeneza orodha. Tusipofanya hivyo, mzazi aliyelipa karo atashukiwa bure.

Ukiona "subiri", usitume tena kabla ya ujumbe wa mwisho kufika, maana unaweza kulipa mara mbili. Na mtu akikupigia akidai anataka PIN yako ili "aachilie" pesa, kata simu. Sisi hatuiulizi.