Kupima Refleksi za Mkono: Mwongozo kwa Tabibu Anayeanza

Nyundo ikigonga kano, misuli hunyooka ghafla. Habari hupanda kwa neva hadi uti wa mgongo, hurudi, na misuli hujikaza bila mgonjwa kuamua. Kila refleksi ina mizizi yake ya neva shingoni, kwa hiyo mkono huweza kukuelekeza palipo na hitilafu.

1. Mlegeze mgonjwa. Akae, mikono ikipumzika mapajani. Mwambie: "Mama, nitagonga taratibu. Uache mkono uwe mzito." Unyanyue kidogo, ukiona anakusaidia kuunyanyua, bado amejikaza. Mzungumzishe kwanza.

2. Shika nyundo mwishoni mwa mpini. Iache ianguke kwa uzito wake. Kila ukigonga kulia, gonga kushoto papo hapo, kwa nguvu ileile.

3. Baisepsi (C5, C6). Weka kidole gumba chako juu ya kano, penye kunjo la kiwiko, kisha ugonge kidole hicho. Hata kiwiko kisipokunjika, unaweza kuhisi kano ikikaza.

4. Brakioradialisi (C5, C6). Gonga upande wa gumba, sentimita 5 hadi 10 juu ya kifundo cha mkono. Kiwiko hukunjika. Vikikunjika vidole tu, shuku kwamba uti wa mgongo umebanwa shingoni.

5. Traisepsi (hasa C7). Beba mkono wake sehemu ya juu, kigasha kining'inie. Gonga kano juu kidogo ya ncha ya kiwiko. Kiwiko hunyooka.

6. Vidole (C8). Laza vidole vyako juu ya vyake vilivyokunjwa kidogo, kisha gonga vyako. Halafu pima ishara ya Hoffmann: shika kidole chake cha kati, fyatua ncha yake kuelekea chini, utazame gumba. Likijikunja upande mmoja tu, lipe uzito. Pande zote mbili huweza kutokea hata kwa mtu mzima wa afya.

7. Usipopata jibu, mwambie aume meno kwa nguvu, nawe ugonge wakati huohuo.

8. Andika: 0 hakuna, 1+ hafifu, 2+ kawaida, 3+ kali, 4+ kali pamoja na mtetemo wa kujirudia.

Usihukumu kwa namba moja. Mwenye 3+ kila mahali, bila udhaifu wowote, huenda ndivyo alivyoumbwa. Lakini traisepsi ya kulia ikizimika na kidole cha kati kikawa na ganzi, fikiria mzizi wa C7. Refleksi zikiwa kali, miguu ikiwa dhaifu na mkojo umeanza kusumbua, mpe rufaa leo hii: uti wa mgongo uliobanwa hausubiri kliniki ya wiki ijayo.