Chupa Moja Haidhuru?
Somo kwa waendesha magari na pikipiki

Yapo maneno matatu ambayo husemwa kila jioni ya Jumamosi katika mtaa wa Huruma, na katika mitaa mingine ya mashariki ya Nairobi: "Chupa moja haidhuru." Husemwa kwa kicheko, na mara nyingi asemaye si mlevi. Ni mtu wa kazi, mwenye mke na watoto, naye ana ufunguo wa gari mfukoni. Hiyo ndiyo hatari ya maneno hayo. Mlevi apepesukaye hujulikana na kila mtu, na wenzake humnyang'anya ufunguo. Lakini aliyekunywa chupa moja hakuna amshikaye mkono, wala yeye mwenyewe hajizuii.

Basi somo letu leo si juu ya ulevi, kwa maana hakuna mtu mwenye akili asiyejua kwamba mlevi hafai kushika usukani. Somo letu ni juu ya kile kiasi kidogo ambacho watu hukihesabu kuwa si kitu.

Barabara za Huruma

Kwa wasomaji wa mashambani wasioujua mtaa huu, yafaa tueleze kidogo. Huruma ni mtaa wa majumba ya ghorofa yaliyosongamana. Upande mmoja ipo Barabara ya Juja, na upande mwingine ipo Barabara ya Outer Ring, ambayo ilipanuliwa katika miaka ya 2010 na sasa magari hupita humo kwa kasi. Jirani yake ni Kiamaiko, panapojulikana kwa soko la mbuzi. Katika njia za ndani wauza mboga hupanga bidhaa zao hadi ukingoni mwa lami, watoto hucheza mbele ya milango, na mikokoteni, bodaboda na matatu hugombania nafasi moja. Mahali kama hapa dereva hana nafasi ya kukosea. Mwenye kuendesha hapa yampasa kutazama mbele, kando na nyuma, na kuwaza kabla mtoto hajaruka.

Tena tukumbuke kwamba wakaao humu wengi hawana magari. Huenda kwa miguu. Katika mwaka 2023 watu zaidi ya 4,000 walikufa katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la waendao kwa miguu. Kwa hiyo dereva anywapo chupa yake moja, mara nyingi mwenye kulipa bei ni mtu ambaye hakuonja hata tone.

Kilevi hufanya nini mwilini?

Chakula husagwa polepole tumboni, lakini kilevi hakingoji kusagwa. Hupenya katika kuta za tumbo na utumbo, kikaingia damuni, na katika dakika chache huwa kimekwisha fika kwenye ubongo.

Tufanye hesabu. Chupa ya bia ya nusu lita, yenye nguvu ya asilimia 4, ina gramu 16 hivi za kilevi chenyewe. Mwanamume mwenye uzito wa kilo 65 akiinywa upesi na tumbo tupu, damu yake yaweza kufikia miligramu 35 hivi za kilevi katika kila mililita 100. Mwanamke, hata akiwa na uzito ule ule, kwa kawaida hupata zaidi, kwa sababu mwili wake una maji machache ya kukizimua kilevi. Na mtu mwembamba hupata zaidi kuliko mnene. Kwa hiyo "chupa moja" si kipimo kimoja kwa watu wote. Na kama kinywaji ni chang'aa iliyotiwa katika kikombe bila karatasi ya kueleza nguvu yake, hapo hakuna hesabu kabisa. Mnywaji anakisia gizani.

Watu wengi hufikiri kwamba kilevi huanza na miguu. Humwangalia mtu, na akienda wima husema, "Huyu mzima." La, hasha! Kilevi huanza kichwani. Damu ikiwa na miligramu 20 tu, tayari akili huanza kupungukiwa na uwezo wa kufanya mambo mawili kwa pamoja, na macho hayafuati vema kitu kiendacho. Ikifika miligramu 50, mikono huanza kukosea usukani kidogo, na mtu huchelewa kujibu jambo la ghafula. Ikifika 80, hushindwa kuutawala mwendo wa gari na kuyashika mawazo yake mahali pamoja. Na wakati huo wote miguu yake yaweza kuwa imara, na maneno yake yakatoka sawasawa.

Jambo la kuogofya zaidi ni hili: sehemu ya akili inayopunguzwa nguvu mapema ni ile ile ambayo kazi yake ni kukuambia, "Ngoja, leo hufai." Ni sawa na mtu mwenye duka ambaye mwizi wa kwanza kuingia anamchukua mlinzi. Baada ya hapo mwenye duka husema kwamba usiku umekuwa shwari, kwa kuwa hakusikia kelele.

Mita saba

Gari liendalo kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika sekunde moja. Dereva akichelewa kukanyaga breki kwa nusu sekunde tu, gari limekwisha kwenda mita 7 zaidi kabla breki haijaguswa. Mita 7 ni kama upana wa barabara ya njia mbili. Kwa dereva hizo ni kufumba na kufumbua. Kwa mtoto aliyekimbilia mpira, hizo ndizo tofauti kati ya kushtuka na kuzikwa.

Mambo haya hayakubuniwa na watu wasiopenda starehe. Huko Marekani, Bwana Robert Borkenstein, aliyetengeneza chombo cha kupima kilevi katika pumzi mwaka 1954, alisimamia uchunguzi katika mji wa Grand Rapids mwaka 1962 na 1963. Maelfu ya madereva waliopata ajali walilinganishwa na maelfu ya wengine waliopita barabara zile zile bila ajali. Ilionekana kwamba hatari ya ajali huanza kupanda kabla ya damu kufika miligramu 80, na ikipita hapo hupanda kwa haraka sana.

Sheria yasemaje?

Norway iliweka mpaka wa miligramu 50 tangu mwaka 1936. Uingereza iliweka miligramu 80 mwaka 1967, na Scotland ikaushusha mpaka wake hadi 50 mwaka 2014. Kenya ilifuata kipimo cha 80. Shirika la Afya Duniani lashauri 50 kwa madereva wote, na 20 kwa vijana na wale walioanza kuendesha karibuni.

Kanuni za kupima pumzi zilitolewa Kenya mwaka 2011, na kuanzia Desemba 2013 askari walianza kusimama barabarani usiku na chombo ambacho watu wa Nairobi wakakiita alkoblo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliona kasoro katika sehemu ya kanuni hizo, na watu wengine wakashangilia kana kwamba ruhusa ya kunywa na kuendesha imetolewa. Walikosea. Sheria kuu ya Usafiri Barabarani haikufutwa. Kwa sheria hiyo, mtu aendeshaye akiwa amelewa hata hawezi kulitawala gari vema aweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000, au kifungo hadi miaka miwili, au yote mawili. Na asababishaye kifo kwa kuendesha kwa hatari aweza kufungwa hadi miaka kumi.

Lakini tusije tukaisoma sheria kama mpimaji wa nguo. Mpaka wa sheria si mpaka wa usalama. Sheria husema ni wapi askari atakukamata. Haisemi ni wapi mtoto ataanza kuwa salama.

Asubuhi ya kesho

Hapa tunafika penye kosa ambalo hata madereva waangalifu hulifanya. Ini la mtu huondoa kilevi kwa mwendo wake lenyewe, wala haliharakishwi. Chupa moja ya bia tuliyoitaja huhitaji saa mbili au mbili na nusu.

Tumfikirie dereva mmoja wa matatu. Jumamosi alianza kunywa saa moja jioni, na baa ilipofungwa saa tano usiku alikuwa amekwisha kunywa chupa sita. Akaenda nyumbani kwa miguu, jambo la busara, akalala. Saa kumi na moja alfajiri yupo kituoni, kwa maana mwenye gari angoja hesabu yake ya siku. Dereva mmoja mzee anamtazama machoni.

"Mwanangu, jana ulikunywa?"

"Nilikunywa, Mzee, lakini nikalala. Nimeoga pia. Sasa mimi ni mzima."

"Chupa ngapi?"

"Sita tu."

"Chupa sita zataka saa kumi na mbili, au hata kumi na tano. Tangu saa moja ya jana hadi sasa ni saa ngapi?"

"Kumi, Mzee."

"Basi bado una chupa moja au mbili tumboni. Kulala kumeyapumzisha macho yako, lakini ini halikuambiwa kwamba leo lifanye haraka. Je, wale abiria kumi na wanne wakikuona sasa hivi unakunywa chupa mbili, wangepanda gari lako?"

Kijana alinyamaza, akampa ufunguo dereva wa skwodi. Alipoteza mshahara wa safari chache. Mtu asidhani hilo ni jambo dogo kwa mwenye kulipa kodi ya nyumba Huruma. Lakini ni deni linalolipika.

Dawa zisizo dawa

Watu husema kahawa kali huondoa pombe. Wengine husifu maji baridi, maziwa, supu ya mbuzi au peremende. Wengine hutafuna miraa. Kahawa na miraa zaweza kumfanya mtu akeshe, lakini kilevi hakitoki damuni kwa ajili yake. Huwa amepata mlevi aliye macho badala ya mlevi asinziaye. Maji baridi humwosha ngozi, na peremende huficha harufu. Kula kabla ya kunywa hupunguza haraka ya kilevi kuingia damuni, lakini hakukiondoi. Dawa ni moja tu, nayo ni muda.

Yatupasayo kufanya

Kwanza, kata shauri kabla ya kunywa, wala si baada. Kama waenda kunywa, acha gari au pikipiki nyumbani. Akili ya saa kumi jioni ndiyo ikate shauri la saa nne usiku.

Pili, wakiwapo wenzi wengi, mmoja na akubali kunywa soda siku hiyo, naye awe mwenye funguo. Juma lijalo awe mwingine.

Tatu, mwenye matatu asimlazimishe dereva kuendesha asubuhi baada ya usiku wa harusi au matanga. Mtu asemaye kweli, "Leo sifai," asifukuzwe kazi. Akifukuzwa, kesho wote watasema uongo.

Nne, makanga yupo karibu na dereva kuliko askari yeyote. Akinyamaza, ameshiriki. Abiria naye ana haki ya kushuka. Nauli iliyopotea ni ndogo.

Tano, mwenye bodaboda asidhani habari hizi ni za magari tu. Chombo cha magurudumu mawili chahitaji mizani, na mizani huharibika upesi. Kadhalika mtu aliyekunywa akaenda kwa miguu asivuke Barabara ya Outer Ring chini. Apite kwenye daraja la waendao kwa miguu.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani au chamani

1. Katika chama chenu au kituo chenu, ni nani apaswaye kuchukua ufunguo, na je, ameambiwa hivyo waziwazi?

2. Mtu aliyemaliza chupa nne tangu saa mbili usiku, aweza kushika usukani saa kumi na mbili asubuhi bila kilevi mwilini? Fanya hesabu.

3. Kwa nini aliyekunywa kidogo ni vigumu kumzuia kuliko aliyelewa kabisa?

Wazee walisema, "Mdharau mwiba, guu huota tende." Mwiba ni mdogo, na ndiyo maana hudharauliwa. Jioni ya Jumamosi ijayo, mwenzako atakapokuambia kwamba chupa moja haidhuru, usimbishie sana. Mwombe ufunguo, uweke mfukoni mwako, kisha mwambie anywe ya pili kwa raha zake, kwa kuwa leo atarudi nyumbani kwa miguu.