Mizani Isiyorudi Kwenye Sifuri



Katika somo letu la leo tutazungumzia chombo ambacho wengi wetu tunakiona kila siku bila kukichunguza, nacho ni mizani. Hapa Muganza, katika bonde la Bugarama, karibu kila jasho hupita juu ya mizani. Mchele hupimwa kwa kilo. Saruji ya kiwanda cha CIMERWA, kilichoanza uzalishaji mwaka 1984, hutoka katika mifuko ya kilo 50. Ndugu zetu wa mashamba ya chai huko milimani, upande wa Shagasha na Gisakura, hupimiwa majani waliyochuma. Anayelipwa kwa kilo ana mishahara miwili: ule aliouchuma kwa mikono, na ule uliosomwa na mizani. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba miwili hiyo ni mmoja.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba hukipunguza kibaba vile vile. Tuseme mshale unakaa nusu kilo chini ya sifuri. Mchumaji anayepima mara nne kwa siku hupoteza kilo 2. Kwa siku 25 za kazi hupoteza kilo 50, yaani mzigo sawa na mfuko mzima wa saruji, alioubeba bila malipo.

Basi, mizani ya kuning'iniza ikikataa kukaa kwenye sifuri, tufuate hatua hizi kwa mpango, bila ugomvi.

Kwanza, tutazame ilivyotundikwa. Ining'inie wima na isiguse nguzo wala ukuta. Tusome mshale tukiwa tumesimama mbele yake, macho yakiwa sawa nao. Anayesoma kutoka ubavuni husoma namba nyingine. Tena kapu lisiguse ardhi, na mkono wa mtu usilishike.

Pili, tuondoe kila kitu kwenye ndoano, kisha tuigonge mizani polepole kwa kidole. Mshale ukiruka na kusimama mahali pengine, kuna msuguano ndani: vumbi, kutu, au mshale uliopinda unaokwaruza uso wa mizani.

Tatu, karani aizungushe skrubu ya sifuri mbele ya watu wote. Skrubu ikifika mwisho wake na mshale bado haujafika kwenye sifuri, tujue springi imelegea, pengine kwa kubebeshwa mizigo mikubwa kuliko uwezo wake. Mizani hiyo haitibiki kwa skrubu. Iwekwe kando.

Nne, tutundike mzigo mmoja, tuutoe, tutazame sifuri. Turudie mara tatu. Mshale ukirudi kila mara mahali tofauti, springi imechoka au kuna kitu kimelegea. Kuurekebisha asubuhi hakutasaidia, maana kufika saa sita mchana utakuwa umehama tena.

Tano, na hapa ndipo wengi hukosea: sifuri sahihi peke yake si ushahidi wa mizani sahihi. Lazima tujaribu kwa uzito tunaoujua. Lita moja ya maji safi ina uzito wa kilo moja, tofauti yake ni gramu chache tu. Tupime dumu tupu na kuandika uzito wake. Kisha tumimine lita 10 kwa chupa za lita moja, tupime. Tuongeze lita 10 nyingine, tupime tena. Kila mara tutoe uzito wa dumu lenyewe uliosomwa na mizani nyingine iliyo sahihi. Maji yakisomwa kilo 9 na nusu, kisha 19 na nusu, kosa ni la sifuri: nusu kilo hupotea kwa kila mzigo, mkubwa au mdogo. Yakisomwa 9 na nusu, kisha 19, kosa ni la springi yenyewe: mzigo ukiongezeka, hasara nayo huongezeka. Kosa hili la pili halionekani kabisa mizani ikiwa tupu.

Mizani ya umeme nayo ina masharti yake. Iwekwe mahali pa usawa, mbali na upepo, na betri yake isiwe dhaifu. Kitufe cha sifuri kibonyezwe ikiwa tupu, na namba ionwe na mpimiwa kabla ya mzigo kupanda. Uzito wa kapu unaokatwa uwe uzito halisi wa kapu hilo, usiwe wa kukisia.

Tunasisitiza: mfanyakazi asifungue mizani wala kugusa muhuri wake. Akifanya hivyo, lawama zitamrudia yeye. Tuandike tarehe, saa, na namba zilizosomwa, mashahidi wakiwepo. Tumjulishe karani, kisha mwakilishi wetu. Ukaguzi rasmi uombwe kwa Shirika la Viwango la Rwanda (RSB), ambalo lina wataalamu wa vipimo.

Jambo hili si geni kwa vyama vya wafanyakazi. Uingereza, sheria ya migodi ya mwaka 1860 iliwapa wachimbaji wa makaa ya mawe waliolipwa kwa uzito ruhusa ya kumteua mwenzao asimame kwenye mizani kwa niaba yao. Walimlipa wenyewe, kwa sababu walijua kwamba gharama ya jicho moja ni ndogo kuliko hasara ya kilo nyingi.

Nasi tufanye hivyo. Kila kituo cha kupimia kichague mtu wake, ajifunze hatua hizi tano, na afanye jaribio la maji kila wiki mbele ya karani. Karani mwaminifu atafurahi, kwa kuwa mizani sahihi humlinda yeye pia. Kwa Kinyarwanda chombo hiki huitwa umunzani, nasi twakiita mizani. Jina ni moja, na haki inayodaiwa ni moja.

Umoja ni nguvu.